Raleigh ya Kuze na kikombe kilichokataa kuingia

Kikombe kipya cha upande wa kushoto, kile kinachoshika gololi za ekseli ya pedali, kiliingia mizunguko miwili kwa vidole, kikakaza. Fundi akachukua spana ndefu akakilazimisha nusu mzunguko zaidi. Chuma kikalia, na hapo ndipo kijana mwenye baiskeli alipomwomba aache. Yule fundi hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alimpa ushauri ambao mafundi wengi wa Mombasa wangempa: peleka fremu kwa mkerezaji, akate nyuzi mpya, kikombe kiingie, mambo yaishe.

Kijana hakukubali wala hakukataa. Alikusanya kila kipande kilichokuwa kimefunguliwa, hata vile vibovu alivyoambiwa avitupe, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaja kwangu na fremu begani. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu baiskeli za namna hii bado zimo majumbani mwa watu, Kibokoni, Majengo, Kisauni, mpaka Likoni ng'ambo, na kwa nilivyoona mimi, nyingi haziharibiki miaka zinapokaa bure. Huharibika siku zinapopelekwa kutengenezwa.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya babu yake, mtu wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, aliyefanya kazi bandarini Kilindini na kwenda nayo kazini mpaka alipostaafu. Alipofariki ikatundikwa chini ya ngazi. Nyumba za Mji wa Kale zipo karibu mno na maji, na hewa ya chumvi haihitaji mvua ili ifanye kazi yake: usukani ulikuwa umebabuka kromu, cheni imeshikana ikawa kama kijiti, na tairi zimepasuka kandokando. Rangi nyeusi ya fremu, hata hivyo, ilikuwa imara ajabu, na mistari ya dhahabu kwenye madigadi ilionekana bado. Kijana alitaka jambo moja tu: apande baiskeli ya babu, iwe ile ile, isiwe baiskeli nyingine iliyovaa jina lake.

Ombi hilo ndilo lililoamua kila kitu kilichofuata. Angekuja mchuuzi wa samaki anayeihitaji asubuhi ifuatayo kwa kazi, ningemjibu vingine kabisa, na huenda ningemwambia amsikilize yule fundi wa kwanza.

Kabla ya kutafuta chochote, tulisoma baiskeli. Nembo ya mbele ilikuwa ya Raleigh, kiwanda cha baiskeli cha Nottingham, Uingereza, yenye kichwa cha korongo, na gia kubwa ya pedali ilikuwa na korongo waliotobolewa ndani ya chuma, alama ambayo duka la vipuri haliwezi kukuuzia kwa bahati mbaya. Breki zilikuwa za vyuma, si za waya: ukibana mkono, fimbo hushuka na kuvuta mipira ya breki ipande kukutana na rimu kwa upande wa ndani, ule unaotazama habu, kitovu cha gurudumu. Rimu za aina hiyo zina umbo lake maalumu, na rimu ya kisasa iliyonyooka ubavuni kwa ajili ya breki za waya haifai hapo hata ikiwa ukubwa ni sawa. Habu ya nyuma, tulipopangusa matope na grisi iliyoganda, ilikuwa Sturmey-Archer ya gia tatu, imepigwa chapa AW na tarakimu za mwaka na mwezi: 58, 4. Yaani habu iliundwa Aprili 1958. Hiyo ni tarehe ya habu, si ya baiskeli nzima, maana gurudumu huweza kubadilishwa, lakini hapa kila kitu kingine kilielekea kipindi hicho hicho.

Sasa turudi kwenye kikombe. Pale chini, bomba la siti linapokutana na bomba linaloteremka kutoka kwenye usukani, pana bomba fupi lililolala. Ndani yake hupita ekseli ya pedali. Kila upande hufungwa kikombe cha chuma chenye nyuzi nje na njia ya gololi ndani. Upande wa kulia, wenye cheni, kikombe hukazwa kikaachwa. Upande wa kushoto kikombe ndicho kinachorekebishwa, kisha kinashikwa na pete. Kile cha kushoto cha babu kilikuwa kimeliwa: ukipitisha kucha kwenye njia ya gololi, kucha inanasa kwenye vishimo. Fundi wa kwanza alikuwa sahihi kusema kibadilishwe. Alichokikosa ni kwamba kikombe alichokitoa na kikombe alichotaka kukitia si ndugu, ijapokuwa ukiviweka mezani huvitofautishi kwa macho.

Kipimo kilichoenea cha vikombe vya Kiingereza, kile ambacho mafundi wengi hukiita BSA, kina kipenyo cha inchi 1 na 3/8 na nyuzi 24 kwa kila inchi. Raleigh walikuwa na kiwanda kikubwa kiasi cha kujitengenezea karibu kila kitu, na wakashika kipimo chao wenyewe: kipenyo kile kile, nyuzi 26 kwa inchi. Piga hesabu. Inchi ni milimita 25.4. Ukigawa kwa 24, kutoka uzi mmoja hadi wa pili ni milimita 1.06 hivi. Ukigawa kwa 26, ni 0.98. Tofauti ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ndiyo maana kikombe kinakubali kuanza. Ila tofauti hiyo hujumlika kila uzi unapoongezeka, na ukifika uzi wa sita hivi umeshapotoka nusu milimita, kilele kinakutana na kilele. Kikombe kinachoingia kwa vidole mizunguko miwili mitatu kisha kikakaza ghafla, bila kutu wala uchafu wa kukizuia, kinakueleza hasa jambo hilo. Spana ndefu hainyamazishi maelezo hayo, inayavunja tu.

Kuna namna ya kuthibitisha bila vyombo vya bei. Nyuzi za kikombe ni fupi, huwezi kupata inchi nzima ya kuhesabu, na kwa rula jicho hudanganyika. Lakini ekseli ya habu ya Sturmey-Archer ina nyuzi 26 kwa inchi, na ekseli hiyo ilikuwa hapo hapo mezani. Tulichukua kikombe kibovu cha babu, tukalaza nyuzi zake juu ya nyuzi za ekseli, tukaviinua kuelekea dirishani. Nyuzi zililala ndani ya nyuzi, hakuna mwanga uliopita. Tukafanya vivyo hivyo kwa kikombe kipya cha dukani: mwanzoni vilishikana, kisha vikaachana, mwanga ukapenya mwishoni. Kijana alivishika mwenyewe akavigeuzageuza, akaelewa kwa nini nilifurahi aliponiletea kopo lenye takataka. Kipande kibovu ndicho kipimo chako. Ukikitupa, umebaki kununua kwa kubahatisha.

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi wa kweli. Njia zilikuwa kadhaa. Ya kwanza, kukata nyuzi 24 juu ya nyuzi 26. Inawezekana, na nimeona baiskeli zilizofanyiwa hivyo zikitembea. Lakini kipenyo ni kile kile, kwa hiyo mkerezaji hana nyama mpya ya chuma ya kukata. Anakata nyuzi juu ya nyuzi, na kinachobaki ni meno yaliyovunjikavunjika yanayoshika kikombe kwa nusu ya nguvu. Kikilegea tena, hakuna marudio. Ya pili, kuweka ekseli ya kisasa isiyotegemea nyuzi, inayojibana ndani ya bomba. Si mbaya, maana haiharibu fremu. Ila inadai upana wa bomba ujulikane, na bomba la Raleigh huwa na milimita 71 au hata 76, pale ambapo la kawaida lina 68. Isitoshe ingetulazimu kuacha ekseli ya babu, pengine na kranki zake, ile mikono ya pedali, pia. Ya tatu, kutafuta kikombe cha nyuzi 26.

Nilishikilia ya tatu, na sababu yangu ni hii: katika baiskeli nzima, nyuzi za fremu ndizo kitu pekee ambacho hakiuzwi popote. Tairi, cheni, spoki, siti, hata habu, vyote hupatikana kwa subira. Kwa hiyo kipuri ndicho kinachotakiwa kuifuata fremu. Mara nyingi fundi wetu hufanya kinyume si kwa ujinga, bali kwa sababu mteja amesimama mlangoni na kipuri kilichopo dukani ni hicho kimoja.

Kutafuta kikombe kwa kuuliza duka hadi duka kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea hakukuwa na faida. Ukisema "kikombe cha Raleigh" unapewa kikombe cha baiskeli yoyote ya magurudumu ya 28, maana kwa muuzaji hilo ni jina la umbo, si la kiwanda, na wala simlaumu. Nilimwambia kijana aache kutafuta jina, atafute ukoo. Raleigh walinunua Humber mwaka 1932, na Rudge mwaka 1943. Baada ya hapo Humber na Rudge zilitoka Nottingham zikiwa na nembo zao na mapambo yao, lakini matumbo ni ya Raleigh, pamoja na zile nyuzi 26. Phillips na Hercules ziliingia katika kundi hilo mwaka 1960 tu, kwa hiyo zile za kabla ya hapo sizitegemei kwa kikombe, hata zikiwa nzuri kuliko Raleigh yenyewe. Basi swali likawa: nani Mombasa ana Humber au Rudge iliyokufa?

Humber ina sifa moja inayosaidia sana. Zile za kifahari zina uma wa mbele wa panda mbili kila upande, yaani vyuma vinne vinavyoshuka kwenye ekseli badala ya viwili. Mtu akishaiona mara moja haisahau. Tukaacha kuuliza vipuri, tukaanza kuwauliza wazee kuhusu uma.

Jibu lilipatikana Kisauni, kwa fundi mzee ambaye banda lake lina baiskeli chache za kutembea na rundo la zisizotembea. Kijana alimwamkia, akaeleza habari ya babu yake, na ikawa mzee alimfahamu babu huyo kwa sura. Kisha nikauliza.

"Ami, huna Humber yoyote iliyokufa?"

"Ile ya uma wa vyuma vinne? Ipo nyuma huko. Lakini magurudumu yalikwenda zamani, na siti pia."

"Magurudumu hatuyataki."

"Sasa wataka nini kwenye gofu, mwanangu?"

Nilimwonyesha kikombe kibovu. Alikigeuza, akakisugua kwa kidole gumba, akasema, "Hiki cha dukani hakiingii. Wengi wamelia hapa." Hakuhitaji hesabu ya 24 na 26. Alijua kwa mikono. Tulipotaka kununua vikombe viwili, alikataa kuuza rejareja, tuchukue gofu zima kwa bei ya chuma chakavu. Nilikubali upesi, na ningemshauri yeyote akubali: pamoja na vikombe, gofu lile lilikuja na vikombe vya shingo ya usukani, ambavyo Raleigh pia walivifanya kwa nyuzi 26, na ndivyo vitakavyotafutwa baadaye.

Kikombe cha kushoto cha Humber kilifunguka kwa spana na mafuta ya taa. Cha kulia kilikuwa kazi nyingine, na hapa pana jambo ambalo limevunja vikombe vingi. Kikombe cha kulia cha Kiingereza kina nyuzi za kinyume: hufunguliwa kwa kuzungusha upande ule ambao nati nyingine zote hukazwa. Mtu asiyejua hukaza kwa nguvu zake zote akidhani anafungua, na kadiri anavyotoa jasho ndivyo kinavyozidi kushika. Juu ya hayo, kikombe chenyewe kina bapa mbili nyembamba tu za kushika spana, na spana huteleza ikazilamba.

Mzee hakugusa spana. Alichukua bolti nene na washa kubwa, akapitisha bolti ndani ya tundu la kikombe, kichwa cha bolti kikiwa ndani ya bomba na nati ikiwa nje, washa kila upande. Kijana akashika kichwa cha bolti kwa soketi kupitia upande wa kushoto uliokwisha kufunguliwa, mzee akakaza nati mpaka bolti na kikombe vikawa kitu kimoja. Kisha akamwambia kijana aachilie, akatia bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili urefuke, akaendelea kuzungusha nati upande ule ule wa kukaza. Nati haikuwa na pa kwenda tena, ikabidi kikombe kizunguke nayo, na kwa kuwa nyuzi zake ni za kinyume, kule kukaza ndiko kulikokuwa kukifungua. Kulisikika mlio mmoja mkavu, kutu ikadondoka, kikatoka chote bila mkwaruzo. Mafuta ya kupenyeza yalikuwa yamewekwa usiku uliotangulia, nalisema hilo kwa sababu mara nyingi watu husimulia bolti na kusahau mafuta.

Vikombe vyote viwili vilikuwa na njia laini. Lakini tulipojaribu cha kushoto kwenye fremu ya babu, kilisita mwanzoni kabisa, pale nyuzi za kwanza zilipokuwa zimepondwa na kile cha 24. Hapa ndipo kikombe kibovu kilipofanya kazi yake ya mwisho. Kilikuwa na nyuzi sahihi, na njia yake ya gololi haikuwa na thamani tena, kwa hiyo tulikigeuza kiwe chombo cha kusafishia nyuzi. Kikombe ni chuma kigumu, msumeno wa mkono unateleza juu yake. Tukakibana kwenye jiliwa na kukikata kwa grainda yenye kisahani chembamba, mifereji minne kukatisha nyuzi, kisha tukaondoa makali ya pembeni kwa tupa. Mifereji hiyo hukusanya vumbi la chuma na kingo zake hukwangua. Kikatiwa oili, kikaingizwa kwa mkono robo mzunguko mbele, robo nyuma, kikatolewa, kikapanguswa, kikarudishwa. Haikutumika nguvu ya spana mpaka mwisho. Nyuzi mbili za kwanza zilibaki na alama, nyingine zote zikawa safi.

Baada ya hapo kikombe cha Humber kiliingia kwa vidole mpaka ndani. Mtu akiniuliza kipuri kinachofaa hujulikanaje, namwonyesha hivyo: vidole vinatosha mpaka mwisho, na spana huja kukaza tu. Kikombe cha kulia cha babu tulikiacha mahali pake. Kilikuwa kizima, na kitu kizima kilichokaa miaka hiyo yote hakitolewi ili kuridhisha hamu ya fundi. Cha Humber cha kulia kilipakwa grisi, kikafungwa kwenye kitambaa, kikawekwa ndani ya lile kopo la maziwa kama akiba.

Gololi ni mpya, za robo inchi, 11 kila upande, zisizofungwa kwenye pete. Gololi ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii na sioni sababu ya kurudisha za zamani. Gololi moja iliyokatika ngozi itatafuna kikombe ulichokihangaikia Kisauni.

Mengine niyapitie kwa haraka. Kranki zimeshikwa na kota, pini za chuma zenye bapa upande mmoja, na kota za Kiingereza za aina hii zina unene wa milimita 9.5. Zipo za milimita 9 pia, zinaingia kwa urahisi wa kupendeza, na zitaanza kucheza kabla hujafika Makupa. Tulizipima kwa kalipa dukani kabla ya kulipa. Bapa ya kota ilisawazishwa kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka ikalala sawa kwenye ekseli. Kota mbili huingia kwa pande zinazopingana, moja kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma, la sivyo pedali hazikai kwenye mstari mmoja. Na unapogonga, kranki iegemezwe juu ya kipande cha bomba kizito, ili pigo liishie hapo, lisipite kwenye gololi.

Tairi zilikuwa kisa chao. Kabla ya kunijia, kijana alikuwa ameuziwa jozi iliyoandikwa 28, nzuri, mpya, na hazikupanda kwenye rimu hata kwa vyuma viwili vya kubandulia. Namba 28 haitoshi. Baiskeli hizi hutumia 28 kwa 1½, na ukiangalia ubavuni mwa tairi utaona tarakimu ndogo 635: hicho ndicho kipenyo cha rimu kwa milimita pale tairi inapokaa. Zile alizouziwa ziliandikwa 28 kwa 1⅝ kwa 1⅜, na tarakimu zake ndogo ni 622. Upungufu wa milimita 13, na waya wa tairi haunyooki. Kwa bahati njema, 635 ndiyo tairi ya baiskeli za Black Mamba zote zilizobeba maji, mkaa na mikate mjini humu, kwa hiyo hupatikana kwa urahisi kuliko katika miji mingi ya Ulaya. Rimu tulizisafisha tukazirudisha, maana mbele ina tundu 32 na nyuma 40, mgao wa zamani wa Kiingereza, na rimu ya tundu 36 haina la kufanya kwenye habu hiyo.

Habu ya gia tatu ndiyo iliyonipa raha kuliko yote. Ndani ilikuwa imejaa oili iliyogeuka gundi, lakini meno yalikuwa mazima. Tuliiosha kwa mafuta ya taa kupitia tundu lake la oili, tukaizungusha, tukamwaga, tukarudia mpaka ikatoa kioevu cheupe, kisha tukatia oili nyepesi. Grisi haitiwi humo katikati, inagandisha vijiti vidogo vinavyotakiwa kuruka na kushika. Kilichokosekana kilikuwa kijicheni cha gia, kile kinachoingia ndani ya ekseli upande wa kulia: kutu ilikuwa imekikata, na kipande kilichobaki ndani kilidai habu ifunguliwe. Kijicheni hiki hutofautiana urefu kufuata urefu wa ekseli, kwa hiyo tulipima ekseli kwanza. Hapa mjini hatukukipata. Sturmey-Archer iliuzwa kwa SunRace ya Taiwan mwaka 2000, na vijicheni vinatengenezwa bado, vinaingia kwenye habu hizi za zamani. Jamaa wa familia aliyekuwa akija likizo kutoka Uingereza alikileta ndani ya bahasha.

Kurekebisha kwake kusifanywe kwa kukisia. Weka gia ya pili, chungulia kwenye kitundu cha nati ya kulia, na bega la ile fimbo ndogo liwe sawasawa na ncha ya ekseli. Likikosea, gia huangukia kati ya pili na tatu, mahali ambapo habu za AW za zamani hazishiki chochote na pedali huzunguka bure. Aliyesimama juu ya pedali akipanda mwinuko wa daraja la Nyali na magari nyuma yake hatakiwi kuligundua hilo pale.

Rangi hatukuigusa. Tulipangusa, tukapaka nta, na ndani ya mabomba ya fremu tulimimina oili kupitia tundu la siti tukaigeuzageuza, kwa kuwa kutu ya pwani huanza kula kutoka ndani pasipoonekana. Kijana alitaka usukani upigwe kromu upya. Nilimshauri asubiri, kwani kusugua kabla ya kromu hupunguza chuma, na usukani huo una fimbo za breki zinazopita kwenye vishikizo vyembamba. Alisugua mwenyewe kwa karatasi ya alumini na maji, ikaondoka kutu ya juu, vidoa vikabaki. Sasa huipanda jioni kutoka Kuze hadi Mama Ngina na kurudi, na ekseli ya pedali haina mchezo wala mlio.

Limebaki jambo moja. Breki ya nyuma hupitisha nguvu yake kwenye kikono kidogo chenye pembe, kilichofungwa chini karibu na bomba la ekseli, na cha babu kilikuwa kimevunjika sikio. Tumetia cha baiskeli nyingine, tundu lake ni pana kuliko pini, tukaziba nafasi kwa kipande cha bomba la shaba. Kinashika, ila naona kinaanza kucheza, na gofu la Humber halikuwa nacho. Mwenye kujua Rudge, Humber au Raleigh iliyolala mahali, kisiwani au bara, aitazame hapo chini kabla haijapelekwa kwenye mizani ya skrepu. Kama kikono kipo, nitakinunua, na fremu yote pia.